Fidia ya kuumia kazini si hisani

Mtu akikatwa kidole na mashine, maneno ya kwanza kumtoka mara nyingi ni ya kujilaumu. "Nilikuwa na haraka." "Nilivua glovu kidogo tu." Msimamizi naye hukumbushia kwamba watu walikwisha kuonywa. Basi mtu hufungwa bendeji, hupewa siku chache za mapumziko, kisha hurudi kazini akishukuru kwamba hakufukuzwa. Dai halifunguliwi, kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kujihukumu. Hapo ndipo haki nyingi zinapopotea, kabla hata ya ofisi yoyote kumkatalia lolote.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu huyo. Sheria za fidia kwa wafanyakazi katika nchi nyingi duniani zimejengwa juu ya msingi kwamba haiulizwi nani alikosea. Inaulizwa kama umeumia, na kama kazi ndiyo iliyokuumiza. Ukiushika msingi huo, mengi ya utaratibu huu yaliyojaa fomu, asilimia na tarehe za mwisho huanza kueleweka.

Zamani aliyeumia kazini alikuwa na njia moja tu: kumshitaki mwajiri na kuthibitisha uzembe wake. Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Charles Priestley, kijana aliyekuwa akimfanyia kazi mwenye bucha aitwaye Thomas Fowler. Gari la mizigo lilizidishiwa uzito, likavunjika, na Priestley akavunjika paja. Baraza la raia lililosikiliza shauri lilimpa ushindi, lakini majaji wakautengua. Kutokana na hukumu hiyo ikakua kanuni kwamba mfanyakazi aliyeumizwa na kosa la mwenzake hana la kumdai mwajiri. Zikaenda nayo kanuni nyingine mbili: aliyeijua hatari na bado akaingia kazini ameikubali, na aliyechangia ajali yake hata kidogo hapati kitu. Zipange zote tatu pamoja, kisha utafute ajali ya mgodini au kiwandani iliyobaki nje. Ni chache mno.

Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuvunja ukuta huo. Sheria ya bima ya ajali ya mwaka 1884, enzi za Otto von Bismarck, iliwakusanya waajiri katika vyama vya kila tasnia na kuwatoza michango, na mfanyakazi aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi akawa analipwa theluthi mbili za mshahara wake. Uingereza ikafuata mwaka 1897. Marekani ilichelewa, na kuchelewa kwake kuna uchungu wa pekee. Tarehe 24 Machi 1911, mahakama ya juu ya jimbo la New York ilibatilisha sheria ya fidia ya jimbo hilo, ikisema kumtoza mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Kesho yake, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle katika jiji hilohilo la New York kiliwaka moto na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, ambao baadhi waliukuta mlango wa kutokea umefungwa kwa kufuli. Mwaka huohuo jimbo la Wisconsin likaanza kutekeleza sheria yake ya fidia. Jimbo la mwisho, Mississippi, lilisubiri hadi 1948.

Kilichozaliwa katika miaka hiyo ni mapatano. Mfanyakazi hupata matibabu na sehemu ya mshahara bila kuthibitisha uzembe wa mtu, na kwa kawaida hata kama kosa lilikuwa lake. Kwa upande wake huacha haki ya kumshitaki mwajiri kudai fidia nono ya mahakamani, ikiwamo malipo ya maumivu na mateso. Mwajiri naye huchangia mfuko au hukata bima, na huepushwa na hukumu ambayo ingemfilisi. Hii ndiyo sababu nasema fidia si hisani: mfanyakazi ameilipia kwa kuacha haki nyingine iliyo kubwa. Anayekaa kimya kwa aibu ni kama aliyelipa nauli kisha akashuka kabla gari halijaondoka.

Mapatano hayo yanaweza pia kuwa mabaya. Thembekile Mankayi alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Afrika Kusini kuanzia 1979 hadi 1995, akatoka na mapafu yaliyoharibika kwa vumbi la mawe na kifua kikuu. Chini ya sheria ya magonjwa ya migodini alilipwa rand 16,320, basi. Alipojaribu kumshitaki mwajiri, aliambiwa sheria ya fidia imemfungia njia. Mwezi Machi 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria ile iliyomlipa haikumwondolea haki ya kushitaki. Yeye alikuwa amefariki siku chache kabla. Hukumu hiyo ndiyo iliyofungua njia kwa wachimbaji wengine, na mwaka 2018 kampuni za migodi zilikubali makubaliano ya takriban rand bilioni 5. Kwa hiyo ukiambiwa "huwezi kushitaki", uliza ni nani hasa asiyeweza kushitakiwa. Kwa kawaida kinga ni ya mwajiri wako. Mtengenezaji wa mashine yenye kasoro, au dereva wa kampuni nyingine aliyekugonga ukiwa kazini, kinga hiyo haimhusu.

Swali la kwanza ambalo ofisi ya fidia huuliza ni kama wewe ni mfanyakazi. Linaonekana jepesi, lakini watu wengi wameangukia hapo. Kibarua wa siku, mfanyakazi wa shambani, mtumishi wa nyumbani, dereva anayepokea kazi kupitia programu ya simu: wote hawa wamewahi kuachwa nje, ama na sheria yenyewe ama na karatasi waliyosainishwa inayowaita wakandarasi huru. Jina lililoandikwa kwenye mkataba si mwisho wa maneno. Mabaraza na mahakama huangalia nani anapanga saa, nani anatoa vifaa, nani anaamua kazi ifanyweje, na kama mtu anaweza kumtuma mwingine badala yake.

Maria Mahlangu alikuwa mtumishi wa nyumbani huko Pretoria, na macho yake hayakuwa yakiona vizuri. Mwaka 2012 alitumbukia katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake akafa maji. Binti yake alipodai fidia kama mtegemezi, sheria ilimjibu kwamba watumishi wa nyumbani si wafanyakazi kwa maana ya sheria hiyo. Novemba 2020 Mahakama ya Katiba ilisema kuwatenga hivyo ni kinyume cha katiba, na ikaurudisha uamuzi wake nyuma hadi tarehe 27 Aprili 1994, siku katiba ya kwanza ya kidemokrasia ilipoanza kutumika. Familia zilizokwisha kukata tamaa miaka mingi nyuma zikapata pa kuanzia. Kwa aliye ugenini kuna jambo jingine la kujua: tangu 1925 uko mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unaozitaka nchi zilizouridhia kuwalipa raia wa nchi nyingine zilizouridhia sawa na raia wao wanapoumia kazini.

Swali la pili ni kama kuumia kwako kulitokea katika kazi na kwa sababu ya kazi. Sehemu ya kwanza ya swali hilo inahusu wakati na mahali, ya pili inahusu chanzo, na sheria nyingi hutaka zote mbili. Mtu aliyedondokewa na tofali kwenye jengo analojenga hana shida. Aliyepata shambulio la moyo akiwa ameketi ofisini anaweza kubishiwa sana, kwa sababu moyo ungeweza kusimama popote. Itabidi aonyeshe kwamba kazi, kwa mfano zamu za mfululizo au kunyanyua mzigo mzito dakika chache kabla, ilichangia.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini inazigawa nchi. Ujerumani imeiweka ndani ya bima ya ajali tangu 1925, na Ufaransa nayo huilinda. Marekani kwa kawaida huiacha nje, isipokuwa pale ambapo usafiri ni sehemu ya kazi yenyewe. Na kazi za kufanyia nyumbani zimeongeza utata. Desemba 2021 mahakama ya juu ya masuala ya hifadhi ya jamii ya Ujerumani iliamua shauri la mtu aliyetoka kitandani asubuhi akielekea meza yake ya kazi ghorofa ya chini, akateleza kwenye ngazi na kuvunjika mfupa wa mgongo. Kwa kawaida alianza kazi moja kwa moja bila hata kunywa chai. Mahakama ilisema zile hatua chache zilikuwa safari ya kwenda kazini, akastahili. Angekuwa amepitia jikoni kwanza, pengine hukumu ingekuwa nyingine.

Na kosa lako mwenyewe? Uzembe wa kawaida haukunyimi fidia. Kinachoweza kukunyima ni kujiumiza makusudi, na katika sheria nyingi ulevi au ukaidi wa wazi na wa makusudi. Hata hapo zipo nchi zinazolegeza. Sheria ya Kenya ya mafao ya kuumia kazini ya mwaka 2007, kwa mfano, inamnyima fidia mwenye utovu wa nidhamu wa makusudi, lakini haimnyimi kama ameumia vibaya sana, wala haiwanyimi waliomtegemea kama amekufa. Sababu yake ni ya kibinadamu: watoto hawakuvua glovu.

Ugonjwa ni mgumu kuliko ajali, na ndio unaoua zaidi. Kwa makadirio ya ILO yaliyotolewa mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na kazi, na takriban milioni 2.6 kati yao huuawa na magonjwa, si ajali. Lakini ugonjwa hauna saa wala shahidi. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto inaweza kujitokeza miaka 20, 30 hata 40 baada ya mtu kuvuta vumbi lile, wakati mwajiri amekwisha kufunga biashara. Ndiyo maana nchi nyingi zina orodha ya magonjwa ya kazi: ugonjwa wako ukiwa kwenye orodha na kazi yako ikiwa ile iliyotajwa, hudhaniwa kwamba kazi ndiyo chanzo, na mzigo wa kupinga huenda upande wa pili. Ugonjwa usio kwenye orodha, wewe ndiye wa kuuthibitisha. Orodha ya ILO iliyorekebishwa mwaka 2010 ina pia magonjwa ya akili, ukiwamo msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha. Aliyehifadhi barua ya ajira, hati za mshahara na matokeo ya vipimo vya zamani ana nafasi kubwa kuliko asiye na chochote. Usitupe karatasi hizo.

Ukishakubaliwa, mafao ni ya aina kadhaa, na kila moja ina wakati wake. Matibabu huanza mara moja. Kipindi ambacho huwezi kufanya kazi lakini unatarajiwa kupona hulipwa kama ulemavu wa muda, nao ni sehemu ya mshahara, si mshahara wote. Mkataba wa ILO namba 121 wa mwaka 1964 umeweka kiwango cha chini cha asilimia 60 kwa nchi zilizouridhia. Tanzania hulipa asilimia 70. Akifa mfanyakazi, wategemezi hulipwa, pamoja na gharama za mazishi. Yapo pia mafao ya utengamao, yaani viungo bandia, mazoezi ya viungo na mafunzo ya kazi mpya, ambayo watu wengi hawayaulizii kabisa.

Penye ubishi mkubwa ni kwenye ulemavu wa kudumu, kwa sababu hapo mwili wako hugeuzwa kuwa asilimia. Ukifika mahali ambapo daktari anaona hali yako imetulia na matibabu hayataibadilisha tena, unafanyiwa tathmini. Daktari huangalia jedwali: kidole hiki asilimia fulani, jicho moja asilimia fulani. Jedwali lina faida ya kuwatendea watu sawa. Ubaya wake ni kwamba halijui unaishije. Sonara aliyepoteza kidole gumba amepoteza kazi yake. Mlinzi wa getini aliyepoteza kidole hichohicho anaweza kuendelea na zamu zake. Kwa hiyo baadhi ya sheria huacha jedwali pembeni na kupima mshahara uliopotea hasa, na nyingine huchanganya vyote viwili.

Tazama jinsi asilimia moja inavyozaa fedha tofauti. Ujerumani, aliyepoteza uwezo wote hupata theluthi mbili za mapato yake ya mwaka, na anayepimwa asilimia 30 hupata asilimia 30 ya hizo theluthi mbili, yaani asilimia 20 ya mapato ya zamani, kila mwezi, hata kama amerudi kazini na anapokea mshahara. Kenya hukokotoa kwa msingi wa mshahara wa miezi 96, hivyo mwenye asilimia 25 anahesabiwa mshahara wa miezi 24. Tanzania humlipa kwa mkupuo mwenye asilimia 30 au chini, na aliyezidi hapo hupewa pensheni ya kila mwezi. Tofauti kati ya asilimia 30 na 31 inaweza basi kuwa tofauti kati ya fedha za siku moja na fedha za maisha, na ndiyo sababu inafaa kuiomba ripoti ya tathmini, kuisoma, na kutafuta maoni ya daktari wa pili kama kuna kiungo kilichosahaulika. Binafsi naiamini pensheni kuliko mkupuo. Mkupuo huja na ndugu, madeni na mipango ya biashara, na maumivu hubaki baada ya fedha kwisha.

Sasa tuje kwenye mafao ya ulemavu ya hifadhi ya jamii, ambayo wengi huyachanganya na fidia. Fidia inauliza ulemavu umetoka wapi. Mafao haya hayajali umetoka wapi. Yanauliza umechangia kiasi gani na bado unaweza kufanya nini. Marekani iliyaanzisha kwa sheria ya mwaka 1956, na masharti yake ni makali: hali yako iwe imedumu au itarajiwe kudumu angalau miezi 12 au kuishia kwenye kifo, na isikuruhusu kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana, si ile yako ya zamani tu. Hakuna nusu ulemavu hapo. Mtu anaweza kuwa na asilimia 40 kwenye fidia na bado akakataliwa huku, bila ofisi yoyote kukosea, kwa sababu kila ofisi imejibu swali lake.

Ukistahili vyote viwili, unaweza kudai vyote viwili, ila tegemea kukatwa. Marekani jumla ya fidia na mafao hayo hairuhusiwi kuzidi asilimia 80 ya mapato ya wastani ya awali. Angalia pia maneno yako yasipishane: mtu akiiambia ofisi moja kwamba yuko tayari kwa kazi nyepesi, na nyingine kwamba hawezi kazi yoyote, mafaili hayo hukutana.

Uholanzi iliamua mwaka 1967 kuondoa tofauti hii kabisa: mlemavu hulipwa bila kuulizwa kama aliumia kazini au nyumbani. New Zealand ikachukua njia nyingine mwaka 1974, ikawalipa wote walioumia kwa ajali popote, asilimia 80 ya mapato, lakini ikayaacha nje magonjwa yasiyotokana na kazi. Aliyepooza kwa kuanguka analipwa vizuri kuliko aliyepooza kwa kiharusi, ingawa wote wako kwenye kiti cha magurudumu kilekile. Sijaona hoja inayonitosheleza ya kuwatofautisha watu hao wawili.

Kwa aliyeumia wiki hii, mambo machache ndiyo yatakayoamua mengine yote. Toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo, kwa maandishi kama inawezekana, hata jeraha likionekana dogo. Mgongo ulioteguka leo unaweza kukulaza mwezi ujao. Mwambie daktari wazi kwamba umeumia kazini na ulikuwa ukifanya nini, kwa sababu kadi ya hospitali iliyoandikwa "ameanguka" bila kusema wapi imewaangusha wengi. Andika majina ya walioona. Usikubali kuumia kwako kuandikwe kama ugonjwa wa kawaida kwa ahadi kwamba kampuni "itakutunza". Usisaini karatasi ya malipo ya mwisho kabla daktari hajasema hali imetulia, maana nyingi hufunga mlango wa madai ya baadaye. Na kumfukuza mtu kwa sababu amedai fidia ni kosa chini ya sheria za nchi nyingi, ingawa hutokea.

Ukikataliwa, isome barua hadi mwisho. Lazima itoe sababu, na mara nyingi sababu ni kitu kinachorekebishika: fomu ya mwajiri haikufika, ripoti ya daktari haikueleza chanzo, tarehe hazilingani. Muda wa kupinga huhesabiwa kuanzia uamuzi au siku ulipoupokea, kutegemea sheria. Kenya ni siku 60 za kupeleka pingamizi kwa mkurugenzi wa serikali wa usalama na afya kazini, kisha siku 30 za kukata rufaa mahakamani baada ya jibu lake. Ihifadhi bahasha pamoja na barua, maana muhuri wake unaonyesha barua ilitumwa lini. Na hata dai lililokubaliwa halijafungwa milele: sheria nyingi huruhusu asilimia kupimwa upya ikiwa hali imezidi kuwa mbaya. Kupimwa upya kunaweza pia kuishusha, kwa hiyo nenda na vipimo vipya mkononi kabla ya kuomba.